Beseni la Buluu

Jumapili, 5 Aprili

Masika yameanza. Sikuhitaji mtabiri wa hali ya hewa kuniambia, maana dari ya ukumbini imeanza kuvuja palepale ilipovuja mwaka jana, na fundi alikula kiapo kwamba safari hii halipiti hata tone. Nimeweka beseni la buluu chini yake, nimekaa kulisikiliza likijaa.

Beseni lenyewe ni maarufu kuliko mimi. Linaonekana kila Alhamisi saa mbili na nusu usiku, mwanzoni mwa kipindi changu cha Majirani Wasiosema: nimepiga magoti mchangani Nungwi, mtandio unapepea, beseni limejaa watoto wa kasa, jua linawaka, nacheka. Picha hiyo ina miaka saba. Nimewaonesha watu kima, komba, popo, na paa nunga niliyemvizia siku kumi na tisa akatokea kwa sekunde nne. Wamewasahau wote. Beseni hawalisahau. Nikipita sokoni Darajani wananiita Mama Kasa. Nilikuwa nalipenda jina hilo.

Jumatatu, 6 Aprili

Mmanga amepiga simu asubuhi na mapema, sauti yake imejaa mchanga na furaha. Kasa amepanda pwani usiku, kataga mbele ya hoteli inayodhamini kipindi chetu, na yeye ameshakizungushia kiota miti na kamba.

Huyu Mmanga ndiye mlinzi wa viota vya kasa pale Nungwi. Alikuwa mvuvi, na hafichi kwamba alikula mayai ya kasa tangu utotoni mpaka alipoliona lile beseni kwenye televisheni. Tangu siku hiyo hajala tena, wala haruhusu mtu kula. Nikiulizwa miaka kumi na nne ya kazi hii imezaa nini, humtaja yeye.

Mayai hukaa chini siku hamsini na tano hivi, kwa hiyo yataanguliwa mwisho wa Mei. Nimeandika kwenye kalenda ya jikoni.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Beseni nimelimwaga mara mbili.

Jumanne, 14 Aprili

Haitham ametuita ofisini. Yeye ndiye mkuu wa vipindi, na akiwa na habari njema huzungusha kalamu. Leo aliizungusha mpaka ikaanguka. Hoteli inataka sherehe kubwa Ijumaa ya tarehe tano Juni, siku ya mazingira duniani: mahema, wageni, viongozi, matangazo ya moja kwa moja, na mimi nimepiga magoti na beseni kama zamani. Kila mgeni ataachia mtoto mmoja wa kasa baharini.

Nilimwambia kiota kitafunguka siku nne au tano kabla ya hapo. Akasema basi watasubiri. Nikamuuliza watasubiri wapi. Akanitazama kama niliyemuuliza bahari iko wapi, akasema si kwa Mmanga, wapi tena?

Nikanyamaza. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilinyamaza.

Jumapili, 19 Aprili

Maji makubwa ya bamvu yalikuja na upepo, yakataka kufika kwenye kiota. Mmanga alijaza viroba vya mchanga peke yake chini ya mvua, akajenga ukuta. Borafya, mpiga picha wangu, alikwenda kurekodi, akarudi amelowa mpaka kamera. Anasema mzee alikuwa akizungumza na mayai.

Nikafurahi kwa jioni nzima. Halafu tone likaanza tena.

Jumanne, 28 Aprili

Leo nimekasirika. Mwandiko huu siujui.

Nilikwenda Nungwi bila kumwarifu mtu, nikaingia uani kwa Mmanga. Kiota kingine, cha mwanzo wa Machi, kimeanguliwa Ijumaa. Sikukuta hadithi, niliwakuta wenyewe: mabeseni matatu ya buluu chini ya paa la makuti, na watoto wa kasa wamejaa ndani, wanapiga maji kwa siku ya nne, wanagonga ukingo wa plastiki, wanageuka, wanagonga tena. Juu ya maji yanaelea makombo ya mkate. Mmoja alikuwa amelala ubavu, haendi popote. Nje kuna kibao kikubwa alichochorewa na hoteli: WATOTO WA KASA WALIORUDISHWA BAHARINI, na chini yake namba, 2,314. Saa kumi jioni wageni huja, kila mmoja huchukua wake, hupiga picha, huachia.

Nilimpigia kelele. Mtu mzima, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano, nilimpigia kelele uani kwake mbele ya mkewe Riyama. Nilimwambia anawaua. Nikamwambia miaka yote hii kumbe ni mchuuzi tu.

Hakupandisha sauti. Alijifuta mikono kwenye shuka, akasema, "Bi Khairiya, mie n'nafanya ulivyonfundisha. Twawapumzisha kwanza, wapate nguvu kabla ya safari. Si maneno yako hayo?"

Ni yangu. Neno kwa neno. Nimeyasikia mimi mwenyewe kila Alhamisi kwa miaka saba. Hata rangi ya mabeseni, Riyama alinieleza kwa utulivu, walizunguka mjini siku mbili kuitafuta ifanane na ya kwenye televisheni.

Tuliwabeba wale waliobaki mpaka majini, jua likiwa kali, kunguru wakituona. Mmanga alimwachia wa mwisho. Alipomaliza alinipa mgongo.

Jumatano, 29 Aprili

Sijalala vizuri. Niandike yote, labda yatatoka kichwani.

Ile picha ya miaka saba iliyopita ilipaswa kuchukuliwa siku walipoanguliwa. Mvua ikanyesha. Borafya akasema bila jua picha itakuwa ya kijivu, hakuna atakayeitazama. Nilikuwa na vipindi vinne tu vilivyobaki kabla hawajanifuta, na watazamaji wangu wakati huo walikuwa mama yangu na majirani zake. Kwa hiyo niliwaweka watoto wa kasa kwenye beseni la kufulia, chumbani kwenye nyumba ya wageni, siku tatu, nikisubiri jua. Walikuwa tisini na wanane. Asubuhi ya nne jua lilitoka, na kumi na mmoja walikuwa wamekufa.

Niliwatoa mmoja mmoja. Nikawafukia nyuma ya nyumba kwa kijiko cha wali. Borafya alisimama mlangoni akitazama. Baada ya nusu saa nikapiga magoti mchangani nikacheka, na ilipobidi nieleze kwa nini wamo ndani ya beseni, nikatunga: tunawapumzisha kwanza, wapate nguvu kabla ya safari. Ilinitoka kirahisi. Hapakuwa na ukweli ndani yake hata wa kutilia chumvi.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwenda Tunguu kumwona Dokta Muzdalifa, anayefundisha mambo ya bahari chuoni. Nilijitia nimekwenda kutafuta ushauri. Alinieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi. Mtoto wa kasa hutoka yaini na akiba ndogo ya kiini tumboni. Akiba hiyo ni ya siku chache za kuogelea bila kula, mpaka afike mbali na samaki wa ufukweni. Ukimweka kwenye beseni haelewi kwamba ni beseni. Anaogelea tu. Anamaliza safari nzima humo ndani, halafu unamtia baharini hana kitu, tena mchana, kunguru na samaki wakimtazama.

Nikamwambia laiti ningejua. Akavua miwani.

"Ulijua," akasema. "N'likwambia kwenye semina, miaka mitano nyuma. Ukaandika kwenye daftari lako, nikakuona."

Nimelitafuta hilo daftari leo jioni. Limo. Mwandiko mzuri kabisa, na mstari wa wino mwekundu chini yake.

Ijumaa, 8 Mei

Tumerekodi masahihisho. Sekunde arubaini. Sikutaja wale kumi na mmoja, nilisema tu kwamba watoto wa kasa wasiwekwe kwenye mabeseni na kwamba kipindi chetu kiliwahi kukosea. Borafya alizima kamera, akasema, "Aliyewahi kukosea nani? Kipindi?" Nikamwambia afunge vifaa vyake twende.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekaa kutazama na mama yangu, Bi Amne. Sekunde arubaini hazikutoka. Mahali pake wameweka tangazo la sherehe ya Juni, pamoja na beseni.

Ijumaa, 15 Mei

Haitham hakukataa kwamba amekata yeye. Alinitengea kiti, akaniagizia chai. Akasema anaelewa sayansi, anaiheshimu, lakini kuna wakati na mahali. Hoteli imeshachapisha mabango. Nikimaliza sherehe niseme nitakalo, mwezi wa nane, kipindi cha popo.

"Khairiya, ile picha ndo kipindi chenyewe," akasema. "Ukiitoa utabaki na nini?"

Nikavuta kikombe. Chai nilikunywa yote. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba niliinywa yote na nikashukuru.

Jumatano, 20 Mei

Mmanga hapokei simu.

Alhamisi, 21 Mei

Hapokei. Fundi wa dari naye hapokei. Mvua imekula ngazi ya nyuma.

Ijumaa, 22 Mei

Nimeanza kumchukia Mmanga, na naona aibu. Najiambia kwamba mtu aliyekaa na bahari miaka hamsini angepaswa kujua mwenyewe. Kasa mzima hupanda gizani, watoto hutoka gizani, wapi alipoona beseni? Kisha nakumbuka alichokiona kabla yangu kilikuwa mayai ya kula, na mimi ndiye niliyemwambia macho yake hayajui kitu, anisikilize mimi niliyesoma.

Jumatano, 27 Mei

Idi Kubwa. Kila Idi Mmanga huniletea pweza mkavu, amemfunga kwenye gazeti na kamba ya nyavu. Mwaka huu hakuja mtu. Mama ameuliza mara mbili. Nikamwambia njia za shamba zimejaa maji.

Ijumaa, 29 Mei

Nimemwambia.

Nilifika Nungwi baada ya sala ya Ijumaa. Riyama alinikaribisha, nikaona mabeseni matatu yamesuguliwa, yamepangwa ukutani yakisubiri. Mmanga alikuwa akishona wavu wa kukinga kiota. Nikatoa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikakaa chini mchangani, si kwenye kiti alichonioneshea mkewe, nikamweleza toka mwanzo: mvua, beseni la kufulia, siku tatu, kijiko cha wali, na lile neno nililolitunga. Nikamweleza na la semina, kwamba miaka mitano nimejua na kila Alhamisi nimewaacha waioneshe ile picha.

Aliacha kushona. Kisha akageuka kukitazama kile kibao.

"Na hawa wangu?" akauliza. "Wote hawa?"

Nikasema sijui. Wengine labda wamefika. Nikasema alilinda viota ambavyo vingeliwa vyote, na hilo halifutiki. Ni kweli, lakini nilipolisema lilisikika kama ninamtupia makombo ya mkate.

"N'liwacha uvuvi kwa hili," akasema. "N'kagombana na ndugu zangu. Elfu mbili mia tatu na kumi na nne, kila mmoja n'memshika kwa mkono huu." Aliutazama mkono wenyewe. "Nenda zako mjini, Bi Khairiya. Nenda kabla sijakuvunjia heshima."

Nikaenda.

Jumatatu, 1 Juni

Haitham amenipigia akiwa na sauti ya harusi. Hoteli imemwarifu kwamba kiota kimefunguka alfajiri ya leo. Mmanga amesema yuko tayari na mabeseni yatakuwepo Ijumaa.

Mabeseni yatakuwepo. Kwa hiyo nilichomwambia kimeingia sikio la kulia kikatoka la kushoto. Au hakikuingia kabisa, amekasirika tu kwamba nimemharibia sifa. Nimempigia mara sita. Nikamwandikia ujumbe: wanaogelea hapo sasa hivi, kila saa ina maana. Umesomwa. Hajajibu.

Jumanne, 2 Juni

Siku ya pili ndani ya beseni.

Jumatano, 3 Juni

Ya tatu. Kumi na mmoja wangu walikuwa wameshakufa kufikia hapa. Nilifikiri kwenda polisi, maana sheria inawalinda kasa. Nikajiona nikimpeleka Mmanga kituoni kwa somo nililomfundisha mwenyewe. Nikakaa.

Alhamisi, 4 Juni

Borafya ameniuliza kesho nitasema nini. Nikamwambia sijui. Nikisema ukweli pale, nitamwaibisha Mmanga mbele ya kijiji chake na watoto wa kasa wakiwa mikononi mwake. Nisiposema, nitapiga magoti. Borafya akasema yeye mwenyewe amechoka kuwa shahidi. Miaka saba hakuwahi kuligusa jambo hilo mbele yangu.

Ijumaa, 5 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa alasiri mvua ilikatika kana kwamba hoteli imeilipa. Mahema meupe, viti vilivyofungwa utepe, wageni kama sabini, viongozi mstari wa mbele, watu wa kijiji nyuma ya kamba. Mmanga amevaa kanzu. Mabeseni matatu yako mezani yamefunikwa kwa kanga mpya. Sikuweza kuyatazama. Nilikuwa nikisubiri kusikia yale maji yakigongwa na mapezi madogo, na sikusikia kwa sababu ya ngoma.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Tuko hewani. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni yaleyale: assalamu alaykum watazamaji, karibuni Majirani Wasiosema. Nikatabasamu. Nilijisikia nikitabasamu. Meneja wa hoteli akanishika kiwiko akanisogeza kwenye meza, na kama kanga ile angeifunua yeye nadhani ningepiga magoti. Nakiri hapa, kwa sababu atakayesikia nilichosema baadaye huenda akanipa sifa nisiyostahiki.

Mmanga aliondoa kanga ya kwanza mwenyewe. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai. Akaondoa ya pili, mchanga mtupu. Ya tatu haikuwa na kitu.

"Wenyewe washakwenda," akasema, hakuwa na haraka. "Jumatatu kabla ya alfajiri, kwa miguu yao. Mie n'lisimama mbali, sikumgusa hata mmoja. Maganda n'meyahesabu baadaye, mia na nne." Wageni wakatazamana, mkalimani akakwama. Mmanga akanigeukia mimi, akaisukuma maikrofoni yangu nyuma kuelekea kwenye mdomo wangu kwa kidole kimoja. "Bi Khairiya ana la kuwaeleza."

Hakunionea. Angeweza kulisema mwenyewe, akaniachia.

Nikasema. Kwamba mtoto wa kasa hapumzishwi. Kwamba maneno hayo niliyatunga mimi kwa ajili ya picha. Kwamba niliwafungia siku tatu nikisubiri jua, na kumi na mmoja walikufa, nikawafukia, nikaja kucheka. Kwamba nimeambiwa kosa langu miaka mitano iliyopita na nikanyamaza. Kwamba mzee huyu alinifuata kwa kuniamini, basi lawama ije kwangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja wa kijiji alisema "Allah" kwa sauti ya chini. Haitham alikuwa amesimama kando ya gari la matangazo, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Kwenye gari Borafya alinieleza. Walikata nilipotaja neno picha. Watazamaji wa kisiwa kizima waliona bahari na maandishi ya kuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, wakapigiwa taarabu. Borafya hakuzima kamera, alirekodi mpaka mwisho, lakini kadi ya kumbukumbu Haitham ameidai papo hapo na ameipata.

Jumatatu, 8 Juni

Kipindi kimepumzishwa. Ndivyo barua inavyosema, kimepumzishwa. Nilicheka peke yangu ngazini.

Alhamisi, 11 Juni

Saa mbili na nusu nikawasha televisheni kuona wameweka nini mahali pangu. Wameweka mimi. Marudio ya kipindi kilichopendwa kuliko vyote, kwa maombi ya watazamaji: kile cha miaka saba, kizima, na beseni, na jua. Tunawapumzisha kwanza, wapate nguvu kabla ya safari. Mama akasema nilikuwa mwembamba. Nikaenda jikoni nikasimama huko mpaka kikaisha. Miaka kumi na nne, na watakachokumbuka ni uwongo wa sentensi moja, na sina hata pa kuufutia.

Jumamosi, 13 Juni

Riyama alipiga simu, sio Mmanga. Akasema mumewe ananiita, na nije na nguo za kazi.

Mvua imekwisha kabisa, njia zimekauka. Nilimkuta Mmanga mbele ya nyumba na kopo la chokaa. Kile kibao cha hoteli amekilaza juu ya mapipa mawili, amekipaka chote cheupe. Elfu mbili mia tatu na kumi na nne hazimo tena. Nikamwambia asifute, si wote waliopotea, nikaanza kueleza. Akasema analijua hilo, ila hajui ni wangapi, na kitu asichokijua hakiandiki tena ukutani kwake.

Alikuwa ameshaandika mstari mmoja kwa rangi nyeusi, herufi za mtu aliyeacha shule mapema: WALIOKWENDA WENYEWE 104.

Akanipa brashi.

"Na wale wako," akasema. "Waandike hapohapo chini. Mtu akiuliza, nitamweleza. Ukiwepo, utamweleza wewe."

Watu watatu waliokuwa wakipita walisimama kututazama, na mmoja wao akauliza huyu si ndiye Mama Kasa. Nikachovya brashi. Nikaandika: WALIOFIA BESENINI KWA KHAIRIYA, 11. Rangi ilikuwa nyepesi, moja ya mwisho ikachuruzika, nikairudia. Tukakiinua kibao sisi wawili tukakisimamisha pale kilipokuwa, kinatazama njia ya wageni na njia ya msikiti.

Kisha Riyama akatuita tukale. Ilikuwa pweza.